Ndugu Kamishna Mkuu wa TRA, Karibu Ukague Kampuni Yangu

Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Dar es Salaam.

Yah: Taarifa ya kuzaliwa kwa kampuni

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Kwa heshima na taadhima nakuarifu kwamba mimi, niliyekuwa mwajiriwa hadi Ijumaa, Jumatatu niliamka mfanyabiashara. Mwajiri wangu alinipunguza kazini kwa masikitiko makubwa, akanikatia keki, kisha ofisa utumishi akanifuata mpaka kwenye ngazi na mkataba mwingine mkononi. "Karibu tena," akasema, "ila safari hii kama mtoa huduma." Kiti ni kilekile. Bosi ni yuleyule. Kompyuta ni ileile, na mgongoni ina kibandiko chenye namba ya mali ya ofisi. Kilichobadilika ni kwamba mwisho wa mwezi siletewi hati ya mshahara, bali napeleka ankara. Na ankara yenyewe ofisa utumishi ndiye anayeniandikia, maana anasema zangu hazijakaa kitaalamu.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tuhesabu. Chukua mtu wa shilingi milioni tatu kwa mwezi. Akiwa mwajiriwa anakatwa laki tatu za NSSF, halafu PAYE ya 638,000. Akigeuka mtoa huduma anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 150,000, basi. Anafika nyumbani anamwambia mkewe wameula. Upande wa pili mwajiri naye amepumua: laki tatu zake za NSSF hachangii tena, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hauoni kitu, na ile tozo ya ufundi stadi iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023 yeye kaishusha mwenyewe hadi sifuri. Ofisi nzima inacheka. Wa kununa ni wewe peke yako, na bado hujaambiwa.

Ngoja mwaka uishe, sasa. Ile asilimia 5 haikuwa kodi yote, ilikuwa kishika uchumba tu, mahari bado. Mtu binafsi mwenye faida ya milioni 36 kwa mwaka anadaiwa 8,736,000. Zimeshakatwa 1,800,000. Zinabaki 6,936,000, na wewe ulitegemea azilete kwa awamu nne kuanzia Machi, kisha ritani ifuate kabla Juni ya mwaka unaofuata haijaisha. Utaniambia atoe kwanza gharama za biashara. Gharama zipi? Meza ya ofisi, umeme wa ofisi, intaneti ya ofisi. Cha kwake ni chai ya saa nne na chapati mbili, na mama wa chapati hana risiti ya EFD. Hizo milioni saba kasoro ukizitafuta utazikuta Chanika, zimeshakuwa bati.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki. Igawe ile 8,736,000 kwa miezi 12: inakuja 728,000 kwa mwezi, zaidi ya PAYE aliyokuwa akiilalamikia kila mshahara unapotoka. Mchango wa NSSF uliokuwa unapunguza kipato kinachotozwa kodi haupo tena. Kwa hiyo mjasiriamali wetu amepoteza pensheni, amepoteza fidia ya kuumia kazini, amepoteza likizo (mimi nilipoomba yangu niliambiwa kampuni haziendi likizo), na kodi imepanda. Hongera zake.

Wapo wachokozi wanaonong'ona kwamba yote haya ni ajira iliyovishwa koti. Wananitajia Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, inayomchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mkataba useme utakavyosema, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikipatikana hata dalili moja tu kati ya saba. Nikaamua nijipime. Kazi yangu inaelekezwa na bosi: ndiyo. Saa zangu anapanga yeye: naweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio kila asubuhi. Mimi ni sehemu ya taasisi: nipo kwenye kamati ya sherehe. Wastani wa saa 45 kwa mwezi: hizo nazimaliza wiki ya kwanza. Namtegemea kiuchumi: muulize mwenye nyumba wangu. Vifaa ni vyake: kibandiko nimeshakutajia. Simfanyii kazi mwingine: saa ngapi? Saba kwa saba. Shuleni sikuwahi.

Na wewe, Ndugu Kamishna, una sheria yako ya Kodi ya Mapato, ya mwaka huohuo 2004. Nayo haidanganyiki kirahisi na kichwa cha mkataba. Inahesabu kuwa ajira hata nafasi inayompa mtu malipo ya kila kipindi kwa kazi anayoifanya. Mwajiri ambaye hakukata PAYE aliyopaswa kukata, anailipa mwenyewe. Nilikuwa tayari kushangilia hapo, mpaka niliposoma mbele kwamba akishailipa anaweza kunigeukia mimi na kunidai.

Sisemi kila mtoa huduma ni mwajiriwa aliyefichwa. Yupo mhandisi mstaafu anayeitwa na ofisi yake ya zamani mtambo ukigoma, anakuja na vifaa vyake, anataja bei, anaondoka kwenda kwa mteja mwingine. Huyo mwache afanye biashara yake.

Sisi wengine tunaomba ukaguzi. Usianze na mkataba, umeandikwa vizuri mno. Njoo saa mbili kasoro asubuhi, simama kando ya mashine ya vidole, uone makampuni yanavyopanga foleni. Kisha mwite aliyetuandikia ankara kabla hujatuita sisi. Na ikikupendeza, toa tangazo la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mtu alisome kabla ya kusaini mkataba wa pili: ukirudi kwa mwajiri wako kama kampuni, asilimia 5 siyo mwisho wa deni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkurugenzi, mhasibu na mfagizi wa kampuni ya mtu mmoja