Fani ya Nne ya Triathloni

Triathloni, ambayo leo ni shindano linaloanza kwa kuogelea, likaendelea kwa baiskeli na kumalizikia kwa mbio za miguu bila saa kusimamishwa, ilifanyika kwa jina hilo mwaka 1974 huko Mission Bay, San Diego, nchini Marekani, na kuingia katika Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 kwa umbali wa kilomita 1.5, 40 na 10. Mwanariadha wa ridhaa, ambaye hushindana kwa mapenzi yake na kwa gharama zake, kwa kawaida huanza na nusu ya umbali huo, ingawa vifaa hununua vya umbali mzima, ikiwemo baiskeli ya nyuzi za kaboni iliyopunguzwa gramu ambazo kitambi chake kingeweza kuzipunguza bure.

Mtihani hasa uko katika eneo la mpito, mahali pa kubadilishia vifaa kati ya mchezo na mchezo, ambako saa huendelea kuhesabu huku mheshimiwa akirukaruka kwa mguu mmoja, vazi la mpira limemganda kifundoni na soksi inagoma kupanda kwenye unyayo uliolowa. Kanuni humtaka afunge helmeti kidevuni kabla hajaiondoa baiskeli ilipotundikwa. Ya kumsaidia kukumbuka aliitundika wapi, miongoni mwa mamia zinazofanana, bado haijatungwa. Baadaye hukimbia kwa miguu ambayo bado inadhani inanyonga baiskeli, kwa mwendo wa mtu aliyeteremka punda sasa hivi, na mpiga picha rasmi, kwa sababu anazozijua mwenyewe, humsubiri hapo hapo.