Itifaki Isizingatiwe: Mwongozo wa Kuanzisha Klabu ya Wazungumzaji

Nenda kwenye mahafali ya darasa la saba, kwenye harambee ya kanisa au kwenye uzinduzi wa kisima, popote pale kati ya Kigoma na Mtwara. Mtu wa kwanza kushika maiki atatumia robo saa kuwataja waliokaa meza kuu. Wa pili atasema itifaki imezingatiwa, kisha atawataja tena. Risala itasomwa haraka haraka, macho yakiwa kwenye karatasi tangu salamu hadi maombi ya bati na saruji. Mgeni rasmi atasema hakujiandaa, na kweli hakujiandaa, maana atazunguka saa nzima kabla hajafika alikokuwa anakwenda.

Mwenye hoja amekaa nyuma. Ni yule fundi bomba anayejua kwa nini kisima cha kijiji cha pili kilikauka, na nini kifanyike ili hiki kisikauke. Mpe maiki, atasema "mimi sina mengi" na kuketi. Anayo mengi sana. Hajawahi kupata mahali pa kujizoeza kuyasema, wala watu wa kumsikiliza mpaka mwisho. Klabu ya wazungumzaji inaanzishwa kwa ajili yake, na naandika mwongozo huu kwa uchungu, kwa sababu klabu nyingi nzuri zinakufa changa kwa kuiga hafla zile zile ambazo klabu zilikusudiwa kuzitibu.

Basi anza kwa kukataa kamati. Najua ni vigumu. Sisi tukikutana watu watano kupanga jambo, kabla chai haijapoa tumekwisha kumpata mwenyekiti, makamu, katibu, mhazini na mjumbe mmoja wa heshima. Kamati za harusi zimetulea hivyo. Matokeo yake mkutano wa kwanza wa klabu utaliwa na katiba, wa pili na jina, wa tatu na rangi ya fulana, na wa nne utaahirishwa kwa kuwa akidi haikutimia. Mwezi umekwisha na hakuna hata mmoja aliyesimama akazungumza. Atakayekuuliza habari za fulana mjibu kwa upole kwamba zitakuja, kisha mwandike kwenye orodha ya wazungumzaji wa wiki ijayo.

Unahitaji watu wanane. Watatu watazungumza, watatu watawatathmini, mmoja ataongoza, mmoja atatunza muda. Unahitaji pia chumba kisicho na televisheni. Darasa la shule ya msingi baada ya wanafunzi kuondoka linafaa kuliko ukumbi wa hoteli. Mwandikie mwalimu mkuu barua, ahidi kufagia na kurudisha madawati mlivyoyakuta, na itimizeni ahadi hiyo hata siku mliyochoka. Chagua siku moja ya juma isiyobadilika, ila tazama kwanza ratiba ya ligi, maana siku ya Simba na Yanga hata msemaji hodari atazungumza na viti. Mkikubaliana saa kumi na mbili jioni, anzeni saa kumi na mbili hata mkiwa wanne. Mkiwasubiri waliokwama kwenye foleni ya Mbagala mnawaadhibu waliowahi, na ikifika wiki ya tatu waliowahi nao watakuwa wamejifunza kuchelewa.

Utaratibu wa mkutano hauna haja ya kubuniwa upya. Uko ulioanza na Ralph Smedley, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika vituo vya YMCA. Aliona vijana waliofika pale wana akili na kazi zao, lakini hawajui kusimama wakazungumza wala kuendesha kikao. Alianza kuwakusanya mwaka 1905 mjini Bloomington, katika jimbo la Illinois. Kila alipohamia mji mwingine alianzisha kundi jipya, na kila alipoondoka kundi aliloliacha lilififia, kwa kuwa waliompokea kazi hawakuona maana yake. Tarehe 22 Oktoba 1924 aliitisha jingine katika jengo la YMCA la Santa Ana, California. Hilo ndilo lililoota mizizi na kuzaa shirika la Toastmasters International, ambalo leo lina klabu duniani kote, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zikiwemo.

Mkutano wa aina hiyo una mambo matatu. Kuna hotuba zilizoandaliwa, kwa kawaida za dakika tano hadi saba, na anayesimama kwa mara ya kwanza hueleza yeye ni nani kwa dakika nne hadi sita. Kuna maswali ya papo kwa papo, ambapo mtu anaitwa, anapewa swali asilolijua kabla, na analijibu kwa dakika moja au mbili. Halafu kuna tathmini: kila aliyetoa hotuba anaambiwa na mwenzake, kwa dakika mbili au tatu, amefanyaje.

Hapa mtunza muda ndiye mkubwa kuliko wote chumbani. Ana kadi ya kijani, ya njano na nyekundu. Kwa hotuba ya dakika saba, kijani huinuka dakika ya tano, njano ya sita, nyekundu ya saba, na zikizidi sekunde 30 pigeni makofi mpaka mzungumzaji aketi. Kazi hii mpe binti mdogo kuliko wote. Siku atakapojiunga mzee mwenye heshima zake, mwache binti huyo huyo ainue kadi nyekundu mbele yake. Shikamoo ameshampa mlangoni. Sasa ni zamu ya saa. Mzee akiketi, klabu imezaliwa. Akisema "naomba nimalizie tu", makofi yaanze.

Mmoja wa wanane hao ahesabu pia vijazio: aaa, eeh, yaani, kimsingi, kwa kweli, umenielewa. Hesabu isomwe mwishoni bila kumcheka mtu. Ukisikia umesema "yaani" mara kumi na tisa katika dakika tano, huhitaji kuambiwa tena. Wiki ijayo utafunga mdomo na kuvuta pumzi pale ambapo "yaani" ilikuwa inakuja, na wasikilizaji wataitumia pumzi hiyo kukuelewa.

Nilimwona muuguzi mmoja akitoa hotuba yake ya kwanza. Karatasi aliikunja mara nne akaishika kwa mikono miwili, na dakika mbili za mwanzo alizungumza na ukuta wa nyuma ya darasa: amezaliwa wapi, amesoma shule zipi. Kisha akafika kwenye usiku ambao umeme ulikatika akiwa anamzalisha mama, ikabidi aing'ate simu kwa meno ili tochi imulike mikono yake. Akisimulia hayo aliinua kichwa kutuonyesha alivyoing'ata. Karatasi ikadondoka. Hakuiokota. Aliiona kadi ya njano, akafupisha, akaketi kabla ya nyekundu. Mtathmini wake alikuwa dereva wa lori. Alisimama akasema: "Dada, ulipoiacha karatasi chini ndipo nilipoanza kukuona. Siku nyingine anza na ile simu mdomoni. Mambo ya shule tutayajua baadaye."

Hiyo ndiyo tathmini. Jambo moja lililofaa, jambo moja la kurekebisha, na yote mawili mtathmini ameyaona mwenyewe. Sehemu hii ndiyo inayoitofautisha klabu na hafla, na ndiyo inayoharibiwa mapema kuliko zote. Kuna mtathmini wa hongera, anayesema umetisha, umeua, endelea hivyo hivyo. Mzungumzaji anarudi nyumbani na furaha ya usiku mmoja, hajui ashike lipi aache lipi. Na kuna mtathmini aliyerithi fimbo ya mwalimu wa nidhamu. Huyo huorodhesha makosa kumi na mawili, likiwemo la viatu, na mzungumzaji hamwoni tena. Wa kwanza mfundishe kuuliza: hongera kwa lipi hasa? Wa pili mpe kazi ya kuandaa viti kwa wiki tatu, kisha asimame yeye mwenyewe atoe hotuba, ndipo arudishwe kwenye tathmini. Atarudi na huruma.

Kuhusu lugha nina msimamo, na sitauficha. Klabu nyingi za mijini huendeshwa kwa Kiingereza, na sababu zake zinaeleweka: usaili wa kazi, mikutano ya wafadhili, ndoto za kwenda ng'ambo. Lakini hapo ndipo fundi wetu bomba anapofungiwa mlango kwa mara ya pili. Mtu anayejifunza kwa wakati mmoja kushinda hofu na kutafuta maneno hafiki mbali katika lolote. Anzeni kwa Kiswahili. Anayetaka Kiingereza atengewe wiki yake, na ataona jinsi mwili uliokwisha kuzoea kusimama unavyoisaidia lugha ya pili. Toastmasters yenyewe ina klabu zinazokutana kwa Kifaransa, Kiarabu na Kichina, kwa hiyo hata mkijiunga nao Kiswahili si dhambi.

Marufuku meza kuu. Diwani akija, karibuni sana, akae katikati ya watu na aitwe kujibu swali la papo kwa papo kama wengine. Mzungumzaji asitaje vyeo. Salamu moja ya heshima inawatosha wote, kisha hoja. Mei Mosi ya mwaka 1995 mjini Mbeya, Mwalimu Nyerere alizungumza na wafanyakazi habari za rushwa, ukabila, udini na aina ya rais anayefaa, na mpaka leo watu wanairudia hotuba ile kwa mdomo. Waliokaa naye jukwaani ni wachache wanaoweza kuwataja.

Wanawake wasiwe wa kufungua kwa sala na kugawa sambusa. Lisimamie hili kwa makusudi tangu mkutano wa kwanza, kwa kuwa lisiposimamiwa halijitokezi lenyewe. Hata shirika la Smedley lilichelewa, aibu tupu: liliwaruhusu wanawake rasmi mwaka 1973. Helen Blanchard alikuwa ameingia miaka michache kabla ya hapo kwa kuandikishwa kwa jina la kiume, Homer, na mwaka 1985 akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza shirika zima. Katika klabu yako kusiwe na dada anayelazimika kuwa Homer. Katika wazungumzaji watatu wa jioni, angalau mmoja awe mwanamke, na tathmini ya mwanamume mara kwa mara itolewe na mwanamke.

Atakuja mtu akwambie yeye ana kigugumizi, hawezi. Mwambie habari za Mohammed Qahtani wa Saudi Arabia. Alikua na kigugumizi, na mwaka 2015 alisimama Las Vegas akawa bingwa wa dunia wa hotuba wa Toastmasters. Kisha mpe tarehe.

Kujiunga na shirika hilo ni hiari. Ukijiunga unapata mafunzo na mashindano, na unalipa ada ya dola kwa kila mwanachama mara mbili kwa mwaka, mzigo usio mdogo kwa mwalimu au muuza duka. Klabu mpya husajiliwa kwa kawaida ikiwa na wanachama 20, huongozwa na viongozi saba, na huletewa wadhamini wa kuisaidia kuanza pamoja na walezi wa kuishika mkono miezi ya mwanzo. Ukiitwa kuwa mmoja wa hao, nenda ukaonyeshe mkutano mmoja wa mfano, ukae nyuma, na ujibu unapoulizwa. Mlezi anayezungumza kila wiki amekwisha kuwa mwenye klabu. Msipojiunga, chukueni utaratibu, daftari la mahudhurio na kadi tatu za rangi. Mchango wa maji na chai ukusanywe na mtu mmoja, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi hata ikiwa ni shilingi elfu nne. Fedha isiyosomwa hadharani imevunja vikundi vingi kuliko ugomvi.

Sasa turudi kwenye zile klabu za Smedley zilizofifia. Hazikufa kwa kukosa watu wala vyumba. Zilikufa kwa sababu mwanzilishi alihama na hapakuwa na mwingine aliyeona maana ya kuzibeba. Kwetu mwanzilishi hana haja hata ya kuhama: anabaki pale pale, mwenyekiti wa mwaka wa sita, anafungua, anafunga, anatoa neno la shukrani na kulitolea maelezo. Wewe usiwe huyo. Kuanzia mkutano wa pili kiti cha kuongoza kizunguke, kila wiki mtu mwingine. Uongozi wenyewe ubadilike kila mwaka bila kuongezewa muda. Ikifika miezi mitatu, usihudhurie wiki moja, wala usipige simu kuuliza wanaendeleaje. Ukikuta walikutana bila wewe, walianza saa kumi na mbili na kadi nyekundu iliinuliwa, kazi uliyoitiwa umeifanya.

Leo jioni andika majina manane. La kwanza liwe la yule unayemfahamu ambaye ana hoja na hajawahi kusimama mbele ya watu. Mpigie yeye kabla ya wengine, mwambie siku, saa na darasa, na mwambie una dakika nne zake.