Muulize Shangazi: Wanaorudi Chole

Idi haiko mbali, na barua za watoto wa kisiwa chetu cha Chole walio ng'ambo zimeanza kumiminika. Ajabu ni kwamba wote wana hofu. Watu waliovuka bahari kwenda kutumikia wenzao wanaogopa kuvuka kale kamaji ka Utende kwenda kwa mama zao.

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka mingi Muscat, namwendesha tajiri, na sasa nimenunua Prado yangu mwenyewe, nyeupe, iko Dar es Salaam. Nataka nishuke nayo mbele ya nyumba ya mama, Chole nzima ione. Nipite njia gani? – Dereva*

Marahaba, mwanangu. Njia ni nyepesi. Mtatoka Mbagala hadi Nyamisati, mtapanda kivuko, na baada ya saa nne hivi mtashukia Kilindoni, Mafia. Kutoka hapo ni lami kama kilomita 15 mpaka Utende. Utende mtaagana. Umekaa sana kwa Waarabu hata umesahau kwamba Chole hakuna gari. Tunatembea kwa miguu, na mwenye haraka anapanda baiskeli. Labda uliegeshe ufukweni Utende, pua ielekee kwetu, usiku uwashe taa mama azione kwa mbali.

Tena usibishane na maji ya Chole. Mjerumani aliweka boma lake hapo, akajenga kwa mawe, na mwaka 1913 akahamishia makao Kilindoni kwa sababu ya meli zake kubwa. Magofu aliyoyaacha unayajua, ulichezea humo. Kama Kaisari na meli zake alinyoosha mikono, sembuse wewe na tairi nne? Ukifika Utende maji yamekupwa, vua viatu vyako, kunja suruali, ingia topeni uifuate mashua kama wenzako. Mama yako atakupokea na matope yako.

*Shangazi, mimi ni baharia, niliondoka 1992. Rafiki zangu wa utotoni ni wavuvi. Nimewanunulia zawadi ya maana: juya jipya, refu, lenye macho madogo, halikosi kitu. Niwakabidhi mbele ya watu au kimyakimya? – Nahodha Mtarajiwa*

Kimyakimya, baba, na usiku, kisha ukimbie. Mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa, ya kwanza katika Tanzania, na Chole imo ndani yake. Juya la kukokota linalokwangua matumbawe na kuzoa hadi vitoto vya samaki limepigwa marufuku. Watu walilalamika, wengine wanalalamika mpaka leo, na mimi siwalaumu wote, maana si rahisi kuambiwa na mgeni namna ya kuvua bahari ya babu yako. Lakini zawadi yako ni kesi iliyofungwa kwa utepe. Lirudishe dukani. Waletee ndoana nzuri na mishipi, halafu mama zako uwaletee miwani ya kusomea. Wao ndio wanaosuka ukili, na macho yaliyoona upindo mwaka 1992 leo hayaoni. Miwani moja, na mkeka utakaolalia utakuwa umenyooka.

*Shangazi, mimi ni askari. Nilikuwa Kongo kwenye kofia za buluu. Kila nikirudi likizo, washikaji pale wanapoundia mashua wananiuliza niliua wangapi. Wengine wanataka dola. Sasa naona heri nimalizie likizo Dar. – Koplo*

Hapa Shangazi anaweka utani pembeni. Vijana wetu wamo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kuingilia kati huko Kongo tangu 2013, na tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa, wakauawa Watanzania wasiopungua 14. Hao washikaji zako walisikia kwenye redio kama sisi. Hawana roho mbaya, wanakosa tu la kukuuliza, na kinachowajia kwanza mdomoni ni kile walichokiona kwenye sinema.

Usikimbilie Dar. Nenda pale asubuhi, kabla maongezi hayajakolea, mwombe fundi akupe nyundo na patasi ya kalafati. Pamba iliyolowa mafuta unaisokota, unaipigilia kati ya ubao na ubao, taratibu, mpaka ishibe. Ukiipiga kwa hasira ubao unapasuka, ukiilegeza mashua itakunywa maji. Katika mlio wa nyundo hakuna awezaye kuuliza swali refu. Ukimaliza ubavu mmoja watakuwa wameshaanza kukueleza yao: nani alioa, nani alizama, nani anadaiwa. Na atakayerudia lile swali, mwambie mlikula sana maharage. Ni kweli, na hatauliza tena. Na anayetaka dola mwambie aje kwangu.

*Shangazi, nimerudi juzi kutoka Salala, nilikuwa mfanyakazi wa ndani miaka minane. Usiku uleule nilifungua masanduku, nikagawa vitambaa, manukato, tende, vyote. Asubuhi nusu ya mtaa imeninunia, na pesa za nyumba nilizomtumia kaka nimekuta msingi tu. Nimekosa nini? – Mikono Mitupu*

Mwanangu, hebu hesabu: katika miaka minane, nyumba ngapi zimefiwa? Jirani yako amemzika mumewe, wewe unampa manukato! Popo wetu huondoka kila magharibi kwenda kula matunda ya watu na alfajiri wamerudi mtini, hakuna anayewadai salamu. Wewe si popo. Jitande kanga, tafuta shangazi au mama mkubwa wa kukuongoza, mwanzie nyumba ya mwisho, mkahani mlango kwa mlango. Keti chini, toa mkono wa pole, nyamaza, chai ikija kunywa. Zawadi zingesubiri siku tatu wala zisingechacha. Waliokununia watakuita kula kabla ya Ijumaa.

Ama kaka yako, msingi ni ushahidi kwamba alianza. Wapo waliotuma na kukuta mwembe. Usimgombeze barazani. Mbele ya mjomba, mwambie akuonyeshe alikonunua saruji, mtembee wote mpaka dukani, mwenye duka ataje mifuko. Na kuanzia leo pesa ya nyumba itumwe kwa fundi, kaka apewe ya sukari.

Barua zinazouliza kila mpwa apewe shilingi ngapi nimezipokea, ni nyingi, na sitazijibu. Mimi pia nina wapwa.