Somo la Nembo, kutoka kwa Mtaalamu Mwenyewe

Ketini, ketini. Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, na akina mama wa WAWATA mliopendeza kwa vitenge vipya (tutavirudia hivyo). Nimeombwa nieleze nembo ya askofu wetu mteule. Lakini kabla ya nembo, haki inadai mumjue anayeieleza.

Mimi ndiye mtaalamu pekee wa nembo katika dekania hii. Hilo halina ubishi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitangaza. Nembo yangu binafsi mnaijua, ipo kwenye mlango wa pikapu: simba wawili, na mimi katikati. Elimu yangu ilianzia kwenye nembo ya Roma yenyewe. Niliikodolea macho jioni nzima, mbwamwitu jike na watoto mapacha wakinyonya. Katekista anadai hiyo ni ya timu ya mpira, tena niliiona kwenye jezi ya kijana wangu. Roma ni Roma, katekista.

Tuanze juu, kwenye kofia. Ni ile pana, yenye kamba zinazoshuka pande zote mbili zikiwa na vishada vya nyuzi. Asiyesoma hudhani ni pambo. Vishada ni cheo! Askofu ana 6 kila upande, na kofia ya kijani. Askofu mkuu, kijani vilevile, 10. Kardinali ana 15, kofia nyekundu, ile ambayo Papa Inosenti IV aliwapa makardinali mwaka 1245. Haya yote nimeyasoma jana usiku. Vitenge vilichapwa mwezi uliopita.

Mama wa mbele, hebu nyoosha upindo tuhesabu. 15 huku. 15 kule. Na kofia imeiva kama nyanya. Mnanitazama hivyo kwa nini? Laurean Rugambwa alingoja mpaka Papa Yohane XXIII alipomteua kardinali mwaka 1960. Wetu hata hajawekwa wakfu, akina mama wameshampandisha kwa michango yao. Mimi naiita imani. Na kama kuna kosa, ni la kiwanda, ingawa mchoro waliopewa una sahihi yangu.

Nyuma ya ngao husimama msalaba. Wa askofu una mti mmoja wa kukingama, wa askofu mkuu miwili. Nilichora mitatu, maana kupungukiwa ni aibu. Katekista ananong'ona kwamba mitatu ni ya Papa. Sawa, na Papa naye alianza kwa kuwa askofu.

Mitra na fimbo ya kichungaji nimeviweka vyote viwili, vikubwa, vya dhahabu. Eti Roma iliviondoa kwenye nembo za maaskofu mwaka 1969! Mwaka huo sikuwa nimezaliwa, barua ingenifikiaje?

Kuhusu vinywaji vya sherehe, nasikia manung'uniko. Niliishauri kamati iagize mvinyo badala ya soda kwa hoja ya kitaalamu kabisa: kwenye nembo ya Papa Fransisko kuna kichala cha zabibu, chini, karibu na nyota. Tangu juzi wananiambia si zabibu, ni ua la nardo, la Mtakatifu Yosefu, na nyota ni ya Bikira Maria. Kwa mbali ni zabibu. Mwenye duka naye amekataa kuupokea mvinyo, kwa hiyo tutaunywa.

Baba Paroko ananionyesha saa. Imebaki ngao yenyewe, pale katikati, alipochagua askofu mwenyewe: mawimbi, jembe, kitabu kilichofunguliwa na, chini, kaulimbiu yake. Hayo yanajieleza.

Mweka hazina asiondoke, kuna jambo la nauli. Maswali? Katekista, shusha mkono.