Ombi Rasmi la Mgao wa Kivuli cha Nguzo

Kwa Jiji la Nairobi, wenye dhamana ya miti ya barabarani.

Waheshimiwa,

KUH: MGAO WA KIVULI CHA NGUZO ZA TAA

Wakazi wa Nairobi, ambao tangu misumeno ilipopita Uhuru Highway na Waiyaki Way wamekuwa wakisubiri matatu chini ya jua la utosi, wanalisalimu Jiji kwa taadhima na kulipongeza kwa bidii yake ya kupanda miti, yaani kuchimba shimo, kusimika mche, kupiga picha na kuondoka. Mche, kwa faida ya wanaohudhuria sherehe hizo, ni mti mchanga uliotolewa kitaluni ukiwa bado unahitaji kumwagiliwa maji, jambo ambalo halijawahi kuingizwa katika ratiba ya siku.

Wakazi hawapingi maendeleo. Barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022, na wenye magari na ada ya kuipitia wanaisifu. Katika ujenzi wake, mti mmoja wa jamii ya mkuyu, ambao Wakikuyu huuita mugumo na kuuheshimu kama mti mtakatifu, uliponea chupuchupu kule Westlands, Novemba 2020, kwa amri ya Rais. Ikiwa kunusuru mti mmoja kunahitaji amri ya Rais, wakazi wanaelewa kwa nini mingine haikubahatika, kwani Rais ana kazi nyingi.

Kwa hiyo Jiji linaombwa kurasimisha kivuli kilichopo. Kila mchana abiria hujipanga mmoja nyuma ya mwingine katika kivuli cha nguzo ya taa, kivuli chembamba kama fimbo, ambacho humfunika mtu pua na shavu moja na kuliacha shavu la pili liungue. Utaratibu huu wa kienyeji unastahili kanuni. Kwa kuwa kivuli huelekea magharibi asubuhi na mashariki jioni, foleni itabidi izunguke kama mshale wa saa, hivyo aajiriwe Afisa wa Kivuli, mwenye filimbi na sare ya kijani, atakayetangaza kila robo saa, “Sogeeni nusu hatua.” Tiketi zitolewe kwa madaraja: wazee na wajawazito wasimame karibu na shina la nguzo, wachuuzi walipe ushuru wa siku kama walivyozoea, na wanafunzi, kwa kuwa wengi wao ni wembamba, wawekwe nchani. Ipo tahadhari moja ya kitaalamu: Nairobi iko takribani digrii 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita juu ya utosi kabisa, na muda mfupi baada ya saa sita mchana kivuli cha nguzo hujikunja chini ya nguzo yenyewe. Siku hizo Jiji litangaze kwamba mgao umesitishwa, kwa maneno yaleyale ya mgao wa maji, na kuomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.

Maombi mengine ni madogo. Visiki vipakwe rangi ya kijani. Vibao vyenye majina ya wageni wa heshima, ambavyo huishi muda mrefu kuliko miche, vihesabiwe kuwa miti. Na mche unapokufa, mgeni wa heshima aalikwe kwenye arobaini yake.

Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili ipande miti, katika mpango wa miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Bilioni 15, na hapatikani mtu wa kubeba mtungi mmoja wa maji hadi kando ya barabara! Ndani ya kizimba cha waya kilichobaki baada ya hotuba mna kijiti kikavu, chupa ya plastiki na ganda la muwa. Huo si mti. Ni dharau iliyozungushiwa waya. Barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road leo ina jina la Profesa Wangari Maathai, ambaye hakuanzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977 ili jina lake liandikwe juu ya lami isiyo na kivuli.

Wakazi wanaomba radhi kwa ukali wa aya hiyo, kwani iliandikwa saa saba mchana, kituoni.

Endapo Afisa wa Kivuli ataonekana kuwa gharama kubwa, lipo pendekezo la bei nafuu: kila mti uliokatwa urudishiwe mwenzake katika barabara ileile, na umwagiliwe kila kiangazi hadi mizizi yake iweze kujitafutia maji.

Majibu yaletwe kituoni, nguzo ya tatu. Asubuhi wakazi watapatikana upande wa magharibi, na jioni upande wa mashariki.

Wenu watiifu,
Wakazi wa Nairobi