Leso Nyekundu na Jumapili ya Vijana

Amri ilishuka Ijumaa jioni kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa kanisa: Jumapili ni juu nyeupe, chini nyeusi. Sisi wazee hudhani vijana hawa huvaa ovyo. Wana sheria nyingi kuliko kitabu cha Mambo ya Walawi! Suruali ya kijana wangu sharti ikome juu ya kifundo, raba ziwe nyeupe pe, na soksi, kama zipo, zisionekane. Dadake alikuwa amefunga safari kutoka hapa Malindi hadi Kongowea, Mombasa, kilomita 120 hivi, akavizia beli ya mitumba ikifunguliwa, akarudi na blauzi nyeupe. "Hii ni kamera, baba," akaniambia, yaani chaguo la kwanza la beli. Hakuna aliyeruhusiwa kuishika.

Jumamosi mfereji ukakauka. Maji ya mfereji kutoka Baricho yakigoma, mtaa wetu wote wa Muyeye huhamia visimani, na visima vyetu vina chumvi: unasugua sabuni mpaka mkono unakufa ganzi, povu halitoki. Kijana, ambaye ndiye aliyekuwa na zamu ya kufua, hakuona haja ya kuhangaika mara mbili. Akatumbukiza kila cheupe kwenye beseni moja, blauzi, mashati, fulana, hata kitambaa cha meza, na juu yake leso mpya ya mamake, nyekundu kama damu ya mbuzi. Leso yenyewe haikuwa Mali ya Abdulla, ile chapa inayoaminika. Mchuuzi alipita nayo mlangoni, mama watoto akaipendea bei. Ikalala humo usiku kucha.

Alfajiri nguo zote zilikuwa za waridi.

"Tia jiki!" mama watoto akaamuru. Jiki ikatiwa. Rangi ikatoka ilipotaka, ikabaki ilipotaka. Ile kamera ikawa waridi mbele, machungwa mgongoni, nyeupe kwapani. Stima nayo ikapotea, tukawasha pasi ya makaa, nayo ikamwaga majivu kwenye kola. Binti akajifungia chumbani. Haendi.

Ndipo Hawe, mama yangu, alipofungua sanduku lake akatoa hando, lile vazi la kiunoni la wanawake wa Kigiriama, marinda juu ya marinda, marikani tupu, jeupe kabisa.

"Vaa hili."

"Hawe, hilo ni la ngoma! Si la kanisa."

Hawe akavuta kigoda, akaanza kusimulia. Injili ilifika huku mapema. Krapf na Rebmann walipiga kambi Rabai mwaka 1846, na nyuma yao likaja gauni. Mamake Hawe alipotaka kubatizwa aliambiwa hando libaki nyumbani, kwa kuwa enzi hizo lilivaliwa kifua wazi. Akapewa gauni lililomkaba shingo, akabatizwa huku akihema. "Sasa wewe kifua umekifunika," Hawe akasema, "unaogopa nini?" Nikadakia, kwa usomi wangu, kwamba hata hiyo marikani zamani ilitoka viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Hakuna aliyegeuza shingo.

Binti akatoka na hando jeupe chini, blauzi ya mabaka juu. Amri ya Ijumaa imevunjwa pande zote mbili. Kijana alishapekua kabati akavaa shati langu la harusi, lililosalimika kwa kuwa lilitundikwa. Likampwaya hadi mapajani. Mimi nikabaki na fulana ya kampeni ya mgombea aliyeanguka, uso wake nao sasa wa waridi.

Mhudumu wa mlangoni alinitazama, akamtazama mgombea, akaniketisha nyuma ya nguzo. Kutoka huko niliona mapicha yakipigwa. Vijana walimzunguka binti wakilishika lile hando. Wengine walimuuliza kakake hiyo ovasaizi kainunua wapi. Wazee waliozoea kunung'unikia suruali zilizochanika magoti walikosa neno, kwani hando halibani popote, na wengi wao walilelewa na mama waliolivaa. Nadhani hasira zao zote zilihamia kwenye fulana yangu.

Jumamosi iliyofuata wasichana wanne walibisha hodi kuazima mahando. Hawe akawatajia bei: kila mmoja na mtungi wa maji matamu, afikishe mpaka chumbani. Shati langu halijarudi. Nikimdai kijana, ananijibu kwamba kwangu lilikuwa linabana.