Sifa za Marudio

Dhahabu imeshasifiwa ya kutosha. Mimi namsifu ndugu yake anayetupwa: marudio, tope la kijivu linalobaki mwaloni, penye kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, huko Geita baada ya kila mtu kuchukua chake.

Kwa uvumilivu, nani atayashinda? Yamelipuliwa kwa baruti ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, yakasagwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hadi yakawa unga, yakapitishwa na maji juu ya magunia. Punje nzito zilizonaswa zikafikichwa na zebaki kwenye beseni, mchimbaji akaondoka na kidonge chake cha dhahabu. Marudio yakanyamaza, ilhali mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu ilikuwa bado imo humo, ndogo mno kwa zebaki kuishika.

Kisha tazama ukarimu. Kwenye mialo mingi marudio huachiwa mwenye karasha, ati sehemu ya malipo ya kusagiwa. Naye huyapokea kwa uso wa huruma, kama jirani anayejitolea kukutupia taka. Huyarundika kimyakimya mpaka yafike tani za kujaza tangi.

Tangini hulowekwa siku kadhaa kwa maji ya sayanaidi, yakitiwa chokaa ya kutosha, maana maji yakichachuka hutoa gesi inayoua. Humo dhahabu huungana na sayanaidi na kuyeyuka, isionekane hata chembe, kisha hunaswa na kaboni, ambayo aghalabu ni mkaa wa vifuu vya nazi. (Enyi ndugu zangu wa pwani mnaochochea vifuu jikoni, samahani kwa habari hii.) Kaboni iliyoshiba hupelekwa ilusheni, mtambo wa kuitenga dhahabu na kaboni, dhahabu ikaoshwa, ikayeyushwa, ikaingia kwenye soko la Geita lililofunguliwa mwaka 2019. Pale mizani haiulizi nani alichimba.

Usidhani sifa zimeisha. Marudio yakitoka tangini bado yana zebaki yake ya zamani, na sasa sayanaidi imeiyeyusha na kuipa miguu. Kama rundo halikuzuiwa vizuri, masika yakinyesha marudio hushuka yenyewe hadi kwenye majaruba ya mpunga, bila nauli wala kibali. Na mchimbaji aliyeyaacha bure akiwa na jaruba huko bondeni, humfuata hadi shambani kwake, safari hii bila dhahabu.